Majani ya Hekalu Niliyochuma Bila Hodi

Iko asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka vidole vinaniwasha. Vinaniwasha kweli, hivi viwili vya kuchumia majani chai. Nilikuwa nimeketi nyuma ya hekalu la Wachina, nyumba kuukuu kuliko kitu chochote chenye paa nilichowahi kuona, na ndani ya mkoba wangu wa kanisani mlikuwa na majani ya wizi.

Keti vizuri nikueleze kabla hujasafiri. Mimi sina haraka, na hiyo simu yako haitakimbia.

Jina langu ni Wawira. Nilizaliwa kule chini Gachoka, kwenye jua na mawe, nikaolewa huku juu Embu kwenye baridi, karibu na msitu wa mlima. Shule niliacha darasa la tatu. Lakini chai naijua. Nilianza kuchuma mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni, na sasa mtoto huyo ana mvi, ni mwalimu, anakaa mtaa wa Majimbo pale mjini na tumbo limemtangulia. Binti yake wa kwanza alipewa jina langu, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo naye ni Wawira. Wakimsifu yeye wamenisifu mimi. Nami nikijiaibisha, aibu inamfuata yeye mpaka alipo, kwa sababu jina ni moja. Hilo liweke akilini, tutalihitaji mbele.

Huyo msichana nilimlea mimi, kwenye mistari ya chai, akinishika sketi. Alisoma mpaka akapelekwa China kusomea chai. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kusomea chai! Nikamwambia, “Si ungebaki tu hapa shambani, mimi ndiye chuo kikuu.” Akaenda. Miaka ikapita, akamaliza, akampigia baba yake simu akasema hataki sherehe, hataki keki, anataka Cucu aje aone mahali alikuwa. Cucu ni mimi. Ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu.

Basi mwaka juzi nikapanda ndege, mimi ambaye lifti ya hospitali hunitoa jasho. Kabla sijaondoka kina mama wa kanisa walikuja kuniombea. Tulipomaliza kuomba na kula, mwenyekiti wetu, Mama Njeru, alinivuta kando ya tangi la maji.

“Wawira,” akasema, “huko unakoenda wanaabudu sanamu. Usiiname. Hata kamba ya kiatu ikifunguka, usiiname.”

“Viatu vyangu havina kamba,” nikamwambia.

“Vizuri sana.”

Nikaapa mbele yake sitainama. Shingo yangu ilianza kukakamaa pale pale kwenye tangi, ikakaa hivyo mpaka China.

Sitakuchosha na habari za safari. Watu ni wengi, mboga zao ni tamu, na chai wanakunywa bila maziwa wala sukari. Siku ya kwanza nilidhani wameniletea maji ya kusuuza kikombe. Siku ya nane nilikuwa naongezwa kikombe cha tatu, lakini hilo sikumwambia mtu.

Siku ya tisa tulipelekwa kwenye hilo hekalu na mwalimu wa Wawira, mama mmoja mwembamba wa miwani, mpole, anayetembea haraka kama anayekimbiza kuku. Liko mlimani, katikati ya mianzi, na kuna ngazi za mawe zisizoisha. Wawira hakuwa amekula chochote asubuhi ile. Nikamuuliza kama anaumwa.

“Leo ndiyo siku yangu, Cucu,” akasema. “Huko juu kuna mtawa mzee anayetunza chai ya hekalu. Anakaanga majani yake kwa mkono, kwenye karai, mpaka yakauke, kama walivyofanya wa zamani. Kila mwaka anakubali mwanafunzi mmoja akae naye amfundishe. Mwalimu amenisemea. Leo ananiona, kisha anasema ndiyo au hapana.”

“Na akisema hapana?”

“Basi narudi nyumbani na karatasi. Karatasi ninayo. Mikono ndiyo sina.”

Nilielewa. Karatasi haikaangi chai.

Tulipofika kwenye lango, Wawira alinishika mkono. “Mambo ni matatu, Cucu. Kizingiti usikikanyage, kiruke. Sanamu usiwaoneshe kidole. Na tafadhali, usiguse kitu.”

“Kwani mimi ni mtoto?”

“Mtoto ningemfunga mgongoni.”

Tukacheka, tukaingia. Langoni kulikuwa na majitu manne ya kuchongwa, macho yamewatoka kama mkulima wa chai aliyesomewa malipo ya bonasi ya mwaka mbaya. Nikaruka kizingiti, na kilikuwa juu, ilibidi nishike sketi. Jumba kubwa nalo lilikuwa na kizingiti chake, nikakiruka, na ndani alikuwa Budha wao, wa rangi ya dhahabu, ameketi amefumba macho nusu, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi zake zote. Nguzo zilikuwa nyekundu, na rangi imechakaa pale watu walipoegemea miaka na miaka. Moshi wa vijiti vya ubani ulipanda polepole. Mbele yangu bibi mmoja wa umri wangu alikuwa amepiga magoti, mgongo umepinda kama wangu, midomo inacheza. Sikujua neno hata moja la alichosema, lakini nilijua anamwombea mjukuu. Midomo hiyo naijua. Ni yangu.

Ungedhani moyo ungelainika. Wapi! Nilisimama nimenyooka kama mti wa nyaya za stima. Hakuna aliyeniambia niiname, mwanangu. Hakuna hata aliyenitazama. Lakini mimi nilikuwa nashindana na Wachina wote mle ndani, najiona mimi peke yangu ndiye niliyeletwa na Mungu, na hao wengine wameingia kwa bahati mbaya. Nikatoka kwa mlango wa nyuma kichwa juu. Mtu aliye na kichwa juu haoni anachokanyaga.

Nyuma kulikuwa na ua mdogo wenye benchi la mawe. Wawira na mwalimu wake waliniambia niwasubiri hapo, wao waende kumwita mzee. Nikaketi. Wasichana watatu walikuwa wanapigana picha upande mmoja, mama mmoja alikuwa anafagia upande mwingine. Nikageuka kulia, na hapo ndipo nilipoiona.

Chai. Mashina tisa ya chai, ya zamani sana, mapana kama paja langu, yana ukungu wa kijani kwenye gome, yamezungushiwa ua wa mianzi unaofika gotini. Na juu, mwanangu! Yalikuwa yamechipua yote kwa pamoja. Chipukizi limesimama wima, majani mawili madogo chini yake yameshika umande. Sisi tunaochuma tunaijua hiyo asubuhi. Ukikawia siku mbili jani limekuwa gumu na karani pale kituo cha kupimia chai anakurudishia gunia mbele ya watu.

Sikuwa nimegusa jani bichi la chai wiki nzima na zaidi. Mwulize mama anayenyonyesha kinachompata akisikia mtoto wa jirani analia. Sikuamua. Nakuapia sikukaa nikaamua. Nilishtukia nimeruka ua kama nilivyoruka kizingiti, mikono yote miwili iko kazini, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na hata nilikuwa naimba kwa pua wimbo wa kikundi chetu. Shina la kwanza likaisha. La pili likaisha. Nilikuwa natafuta kikapu mgongoni ndipo kengele kubwa ya hekalu ikapigwa, na sauti yake ikanipita kifuani, nikaamka.

Nilitazama viganja vyangu vimejaa. Nikatazama mashina mawili yamebaki kama kondoo aliyenyolewa. Wale wasichana walikuwa wamenipa mgongo, wanatazama picha zao. Mama wa ufagio alikuwa ameingia ndani. Nikayafunga majani kwenye leso, nikayasukuma ndani ya mkoba, kati ya Biblia na biskuti, nikatoka, nikaketi benchini, nikafumba macho nusu kama yule Budha wao.

Mama wa ufagio ndiye aliyeona kwanza. Ufagio ulianguka. Alipiga kelele ambayo haihitaji mkalimani. Watawa wakatoka, kichwa kipara baada ya kichwa kipara, na nyuma yao mzee mdogo wa mwili aliyevaa joho la kijivu, na kando yake Wawira wangu na mwalimu. Mzee alienda moja kwa moja kwenye mashina. Akagusa mahali majani yalipokuwa. Ule ukimya wake ulinitisha kuliko kelele ya yule mama wa ufagio, ambaye sasa alikuwa anawaonesha wale wasichana watatu kidole, nao wanatikisa vichwa, na mmoja wao ameanza kulia.

Wawira akanijia.

“Cucu, kuna mtu amechuma majani. Haya hayachumwi ovyo. Kesho ndiyo siku yake. Majani ya kwanza ya mwaka yanapelekwa kwanza ndani, mezani mbele ya sala, ndipo watu wachume. Imekuwa hivyo tangu wazee wa wazee wao. Mwalimu anasema mzee ameumia, labda leo hataongea na mimi kabisa. Wewe ulikuwa hapa. Umemwona nani?”

“Sijaona mtu,” nikasema.

Nilisema hivyo, mwanangu. Mimi mama wa kanisa, na Biblia mapajani, nilimdanganya mtoto niliyempa jina langu. Niliona nikisema kweli nimemvunjia nafasi yake kwa mikono yangu mwenyewe. Na nyuma ya hiyo sababu nzuri kulikuwa na sababu mbaya: nilikuwa naona aibu. Nilipanda ngazi zote zile nikijidai mimi ni mtakatifu kuliko wenyeji, kumbe ndiye mwizi peke yake katika mlima mzima.

Na harufu ikaanza. Majani mabichi ya chai ukiyafunga kwenye kitambaa yanapata joto, yananukia. Wengine labda hawakuisikia. Mimi niliisikia kama mtu amenikemea sikioni. Kisha mgongo ukaniuma mahali ambapo haujaniuma zaidi ya miaka hamsini, pale katikati, pale mzigo wa kuni unapokaa. Nikakumbuka Gachoka.

Nilikuwa msichana wa kama miaka kumi na mitano, nimetoka kuokoka kwenye mkutano wa injili, moto kama jiko. Kule kwetu kulikuwa na kichaka cha mugumo, ile miti mikubwa mitakatifu, ambacho wazee walikuwa wakienda kuomba mvua. Hakuna aliyekata kitu mle. Hata tawi lililoanguka lenyewe liliachwa lioze. Na kuni Gachoka, wewe hujui, tulizifuata mbali mpaka kisigino kinapasuka. Nikajiambia, mimi nimeokoka, hao wazee wanaogopa miti. Nikaingia na panga, nikakata, nikakusanya, nikafunga mzigo mkubwa kuliko wa mwanamke mzima, nikaupitisha katikati ya soko ili kila mtu aone. Nikautua jikoni kwa cucu wangu, mama wa baba yangu.

Aliangalia hizo kuni. Aliendelea kupepeta mtama wake.

“Umezitoa wapi?”

Nikamwambia. Nikaongeza kwamba siogopi, nimeokoka, hakuna kitakachonipata.

“Nani amekuuliza kama unaogopa?” akasema. “Mimi nimebatizwa kabla mama yako hajazaliwa. Sijaenda kuomba kwenye mti tangu nivae msalaba huu. Nakuuliza jambo lingine. Ulibisha hodi?”

“Ni miti, Cucu.”

“Ni mahali pa watu. Wamepatunza tangu hatujakuwepo. Ulimwuliza mzee hata mmoja?”

Nikatikisa kichwa.

“Basi beba.”

Alinifungia ule mzigo mgongoni yeye mwenyewe, kamba kwenye paji la uso, akanirudisha njia ile ile, mchana kweupe, katikati ya soko lile lile. Watu walionipigia makofi asubuhi sasa walikuwa wanauliza, “Kuni zinarudi kulala kwao?” Machozi yalinitoka mpaka yakaingia mdomoni. Nilizirudisha tawi baada ya tawi. Kisha nikatumwa kwa mzee wa mahali pale nimwambie mimi ndiye. Alinitazama, akasema, “Ungeuliza, ningekuonyesha mahali pa kutafuta kuni.” Hayo tu. Niliporudi nyumbani, cucu alinipa uji, akanitemea mate kidogo kifuani, ile baraka ya wazee wetu, akasema sasa mgongo wangu umejua njia.

Kumbe ulikuwa umejua. Miaka hamsini na zaidi, na bahari yote ile katikati, na bado mgongo ulikumbuka.

Nikasimama. Nikamwambia Wawira, “Waambie hao wasichana wanyamaze kulia. Ni mimi.”

“Ni wewe nini?”

Nikafungua mkoba, nikatoa leso, nikaifungua juu ya benchi la mawe. Majani yakamwagika, ya kijani kabisa, yananukia ua wote. Wawira alifunika mdomo. Mwalimu wake alivua miwani. Mimi nilimwendea yule mzee, na mwanangu, niliinama. Nilimwinamia kama ninavyowainamia wazee wote tangu nilipofunzwa adabu, mpaka nikaona viatu vyake vya kitambaa. Kiuno kililia kama mlango. Nikasema kwa Kiembu changu, maana Kiswahili kilinitoka kwa hofu, kwamba nimekosa, nimechuma kwake bila kumwuliza, na mtoto huyu hakujua.

Wawira akatafsiri.

Mzee alienda kwenye benchi. Akashika jani moja, akaligeuza, akaangalia pale lilipokatikia. La pili. La tatu. Alichukua muda mrefu, na mimi nilikuwa nahesabu pumzi za Wawira. Kisha akauliza kitu.

“Anauliza kwa nini hukuuliza,” Wawira akasema. “Anasema ulikuwa umeketi hapa, yeye yuko mlango wa pili tu.”

Uliona hiyo? Swali lile lile la cucu wangu, kwa lugha nyingine.

“Mwambie nilikuwa na kiburi. Mwambie pia mikono yangu haina akili.”

Mzee akanyanyua jani usawa wa macho. Akauliza tena.

“Anauliza umetumia kucha au umevunja.”

Hapo hata hofu ilinitoka. “Kucha! Ukitumia kucha jani linakuwa jeusi kando. Nimevunja kwa kidole. Aangalie, hakuna hata moja lenye kijiti kigumu.”

“Anauliza nani alikufundisha.”

“Mwambie ni njaa. Na karani wa kituo cha chai.”

Wawira akatafsiri. Mzee akanitazama, akayatazama majani, mabega yakaanza kumcheza, na kicheko kikatoka. Kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Yule mama wa ufagio alicheka, mwalimu akacheka akijipangusa macho, na mimi nikaketi juu ya mkoba wangu, juu ya biskuti zote.

Lakini hakuniachia hivi hivi. Alipomaliza kucheka alisema majani hayawezi kurudi kwenye shina, na mwaka huu mashina hayo mawili hayataguswa tena. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyechuma ya kwanza, mimi ndiye nitakayeyapeleka ndani mezani, kwa mkono wangu. Wawira aliniangalia, anajua kiapo changu kwa Mama Njeru, nilikuwa nimemsimulia. Akamwuliza kama ni lazima niiname huko. Mzee akashangaa. Akasema hapana, anayebeba anabeba tu.

Nikayakusanya kwenye leso, nikabeba kwa mikono miwili mpaka mlango wa lile jumba kubwa. Asubuhi niliuruka ule mlango kama mtu anayeruka mtaro. Safari hii nilisimama mbele ya kizingiti, na bila kupanga nikasema kwa sauti, “Hodi!”

Mzee alikuwa ametangulia ndani. Akageuka, akamwuliza Wawira nimesema nini. Wawira akamweleza kwamba kwetu mtu haingii nyumba ya mwingine bila neno hilo, na akilisema anasubiri. Mzee akafikiri. Akauliza aliye ndani hujibu vipi. Wawira akamwambia. Naye akaninyooshea mkono, akalitamka polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa:

“Karibu.”

Nikaruka kizingiti. Nikaweka majani mezani. Nikasimama hapo nikamwomba Mungu wangu, yule yule wa nyumbani, anisamehe uongo na ambariki mwenye nyumba. Shingo ilikuwa imelegea, sijui saa ngapi.

Wale wasichana niliwaomba msamaha mmoja mmoja na kuwapa biskuti zilizovunjika. Walikula.

Na Wawira? Mzee alimwambia aje kesho yake, awachumie mashina saba yaliyobaki, mbele ya macho yake. Akaongeza kitu, na mwalimu akacheka. “Amesema bibi yangu pia aje,” Wawira akaniambia, “lakini aketi mbali.” Niliketi mbali. Nilikalia mikono yangu, mwanangu, kweli kabisa, kila mkono chini ya tako lake, huku nikimtazama mtoto niliyemlea akivunja majani mawili na chipukizi kwa kidole, bila kucha, kama nilivyomwonyesha akiwa hajajua kufunga vifungo. Mzee hakusema neno mpaka shina la saba. Kisha akamkabidhi karai.

Pumzi niliyoshusha hapo ilikuwa ya siku mbili. Nilikunywa vikombe vitano vya ile chai bila maziwa, na safari hii nikawaambia watu ni tamu.

Tukishuka zile ngazi, Wawira alinibana ubavuni. “Cucu, uliniambia hujaona mtu.”

“Kweli sikuona mtu,” nikamwambia. “Kioo sikuwa nacho.”

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na mimi nikakaa naye, tukacheka kama wendawazimu wawili wa jina moja.

Nilipofika nyumbani nilisimama kwenye kikundi nikawaeleza kina mama yote, na wizi ndani yake. Mama Njeru hakungoja nimalize. “Uliinama?” Nikamwambia, kwa mzee mwenye nyumba, ndiyo, mpaka kiuno kikalia. Kama hiyo ni dhambi waniondoe kwenye kikundi, lakini warudishe kwanza zile sufuria za kikundi nilizonunua mimi. Hakuna aliyeniondoa. Mwaka uliofuata Wawira alirudi na karai lake, na sasa anakaanga chai hapa jikoni kwangu. Mama Njeru huja kila Alhamisi kuionja, anasema anaikagua.

Sasa sikiliza, wewe unayeenda kwa watu. Utaingia nyumba nyingi ambazo si zako. Nyumba za sala usizozijua, mashamba, ofisi, nyumba za wakwe. Imani yako nenda nayo, mimi sijaiacha yangu hata dakika moja. Lakini usiifanye fimbo ya kusukumia mlango wa mtu. Simama nje kwanza, ubishe hodi, ungoje ujibiwe, na ukiambiwa usiguse, usiguse, hata kama mikono yako inaijua hiyo kazi kuliko mwenyewe. Hasa hapo. Mimi sikukosea kwa kutojua chai. Nilikosea kwa kuijua sana.

Na ukishakosea, kwa maana utakosea, usisubiri harufu itoke kwenye mkoba. Kosa libebe wewe mwenyewe ulirudishe kwa njia ile ile uliyopitia, mchana, watu wakiona. Usimwachie msichana wa watu alie kwa ajili yako. Mzigo huo unauma mgongo mara moja tu, na unaweza kukuta mwenye nyumba anacheka. Akikosa kucheka pia, bado utashuka mlima ukiwa mwepesi.

Basi, sogea. Fungua hilo shati kidogo, usione haya, mate ya nyanya hayajawahi kuua mtu. Ptu! Uende na mikono inayojua kazi na inayojua kungoja. Kila mlango utakaosimama mbele yake, apatikane mtu ndani wa kukuitikia karibu. Mungu wa huu mlima akutangulie, na akurudishe unikute nimebandika chai.